Mpasuko wa Kiini cha Atomu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita hapa Mbeya, kwa walimu wenzangu wa fizikia wa Iringa na Njombe, na kwa wazazi wanaosikia habari za urani ya Namtumbo redioni wakabaki na maswali. Nimeweka yale yanayojirudia. Kama somo ni geni kwako, anza na swali la 1. Kama msingi unao, nenda moja kwa moja swali la 8, maana huko ndiko watafiti wanakohangaika hadi leo.

## Mambo ya msingi

1. Mpasuko wa nyuklia ni nini hasa?

Ni kugawanyika kwa kiini kizito cha atomu kuwa vipande viwili vikubwa, pamoja na nyutroni (chembe za kiini zisizo na chaji) chache na nishati nyingi. Mfano unaofahamika zaidi ni wa urani-235 (namba ni jumla ya protoni na nyutroni za kiini). Nyutroni moja ikiingia ndani ya kiini hicho, kinakuwa urani-236 chenye nishati ya ziada. Kiini kinatikisika, kinarefuka, kinapata kiuno chembamba katikati, halafu kinakatika.

Vitabu vya shule hupenda kuandika mlinganyo mmoja: bariamu-141, kriptoni-92 na nyutroni tatu. Mlinganyo ni sahihi, lakini wanafunzi wengi hudhani hiyo ndiyo njia pekee. Njia zipo mamia. Viini viwili vya urani-235 vilivyo sawa kabisa, vikipigwa na nyutroni zilizo sawa kabisa, vinaweza kutoa vipande tofauti. Tunachoweza kutabiri ni uwezekano wa kila njia. Kiini fulani kitapita njia ipi, hakuna awezaye kusema.

2. Nishati hiyo inatoka wapi?

Protoni zote zina chaji chanya, kwa hiyo zinasukumana. Ndani ya kiini nguvu ya nyuklia huzishika, lakini nguvu hiyo hufika karibu tu. Kiini kikishakatika, vipande viwili vyenye chaji chanya vinabaki vimekaribiana na hakuna tena cha kuvishika. Vinasukumana kwa nguvu kubwa, vikiruka kila kimoja upande wake kwa kasi ya kilomita zaidi ya 10,000 kwa sekunde.

Mpasuko mmoja hutoa takriban MeV 200, yaani elektroni-volti milioni 200. Karibu MeV 170 ni mwendo wa vipande vyenyewe. Kinachobaki hubebwa na nyutroni, miali ya gama, elektroni na nyutrino. Atomu moja ya kaboni ikiungua mkaani hutoa elektroni-volti zipatazo 4 tu.

Gramu moja ya urani-235 ikipasuka yote hutoa joto linalozidi kidogo kWh 22,000, sawa na kuchoma takriban tani tatu za makaa ya mawe mazuri. Chukua kituo cha umeme wa maji cha Kihansi, chini ya miteremko ya Udzungwa, chenye uwezo wa megawati 180. Kinu cha nyuklia cha ukubwa huo, ambacho kwa kawaida hugeuza theluthi moja hivi ya joto kuwa umeme, kingepasua chini kidogo ya gramu 600 za urani kwa siku nzima.

3. Je, mpasuko ni kitu kimoja na mnururisho?

Hapana. Mnururisho wa kawaida ni kiini kutoa chembe ndogo, kama alfa au beta, na kubaki karibu na uzito wake. Katika mpasuko kiini chote kinavunjika vipande viwili vikubwa. Vipande hivyo ndivyo baadaye hunururisha, na ndiyo sababu mambo haya mawili huchanganywa. Muungano wa nyuklia, unaoendesha jua, ni kinyume chake: viini vyepesi huungana.

4. Kwa nini urani-235 hupasuka kwa nyutroni ya polepole na urani-238 hapana?

Kiini kinachotaka kukatika lazima kwanza kiupande mlima wa nishati, unaoitwa kizuizi cha mpasuko. Kwa urani mlima huo unakaribia MeV 6. Nyutroni ikimezwa na urani-235, huleta MeV 6.5 hivi kwa kuungana tu na kiini, hata kama ilikuwa inatembea taratibu mno. Hiyo inatosha. Ikimezwa na urani-238 huleta MeV 4.8 tu, kwa hiyo nyutroni yenyewe lazima ije na mwendo wa MeV 1 au zaidi kujazia pengo.

Tofauti hii inatokana na nyutroni kupenda kukaa mbilimbili. Urani-235 ina nyutroni 143, namba witiri. Mgeni akifika anakamilisha jozi, na nishati ya ziada inaachiliwa. Urani-238 ina nyutroni 146, jozi zote zimeshakamilika.

5. Mmenyuko mnyororo ni nini, na unadhibitiwaje?

Kila mpasuko wa urani-235 hutoa wastani wa nyutroni 2.4. Zikipasua viini vingine, navyo vikatoa nyutroni nyingine, mnyororo unaendelea. Ndani ya kinu, vijiti vinavyomeza nyutroni huingizwa na kutolewa ili kwa wastani nyutroni moja tu kati ya zile ziendeleze kazi.

Kinachosahaulika ni kwamba udhibiti huo usingewezekana kama nyutroni zote zingetoka papo hapo. Takriban asilimia 0.65 ya nyutroni za urani-235 huchelewa, nyingine kwa sekunde kadhaa, nyingine karibu dakika nzima, kwa sababu hutolewa na vipande vyenyewe baada ya kunururisha. Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayompa mwendeshaji wa kinu muda wa kusogeza vijiti. Kwa plutoni-239 ni asilimia 0.2 hivi tu, kwa hiyo kinu cha plutoni kinahitaji uangalifu zaidi.

## Ugunduzi

6. Nani aligundua mpasuko?

Jibu la haraka ni Otto Hahn na Fritz Strassmann, Berlin, Desemba 1938. Jibu la haki ni refu zaidi.

Mwaka 1934 Enrico Fermi, akiwa Roma, alipiga urani kwa nyutroni na kudhani amepata elementi mpya zilizo nzito kuliko urani. Mwaka huohuo mwanakemia Ida Noddack aliandika kwamba huenda kiini kilikuwa kimevunjika vipande vikubwa. Hakusikilizwa. Hahn, Strassmann na mwanafizikia Lise Meitner wakaendelea na majaribio Berlin, hadi Meitner, aliyekuwa wa asili ya Kiyahudi, alipolazimika kuikimbia Ujerumani Julai 1938 na kuishia Sweden.

Desemba hiyo Hahn na Strassmann walikuta bariamu ndani ya urani iliyopigwa nyutroni. Bariamu ina uzito unaozidi kidogo nusu ya ule wa urani, na hawakuweza kueleza imefikaje pale. Hahn alimwandikia Meitner. Wakati wa Krismasi, katika mji wa Kungälv, Meitner na mpwa wake Otto Frisch walitembea kwenye theluji wakijadili barua ile. Waliwazia kiini kama tone linaloweza kurefuka na kukatika, wakakokotoa nishati, wakapata MeV 200. Katikati ya Januari 1939 Frisch alirudi Copenhagen akaviona vipande vyenyewe kwa chombo cha kupima mnururisho: misukumo mikubwa ya umeme ambayo chembe nyingine yoyote aliyokuwa nayo isingeweza kuitoa.

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1944 alipewa Hahn peke yake. Meitner hakuwahi kuipata. Nikifundisha mada hii husema wazi darasani kwamba aliyeeleza kilichotokea ni Meitner pamoja na Frisch, na kwamba kupima bila kueleza ni nusu ya ugunduzi. Elementi namba 109, meitneriamu, imepewa jina lake.

7. Nadharia ya kwanza ilikuwa ipi?

Ni ile ya tone, iliyokamilishwa na Niels Bohr na John Wheeler katika makala ya Septemba 1939. Tazama tone la umande kwenye jani la mgomba asubuhi ya Tukuyu: ngozi yake hulivuta liwe duara, na ukilitikisa linarefuka kisha linarudi. Kiini nacho kina mvuto wa namna hiyo juu ya uso wake, ila ndani yake kuna protoni zinazosukumana ambazo tone la umande halina. Kikirefuka kupita kiasi fulani, msukumano unaushinda mvuto na hakuna kurudi.

Kwa picha hiyo Bohr na Wheeler walieleza ukubwa wa kizuizi, na wakaonyesha kwa nini ni urani-235, isotopu adimu (aina ya urani inayotofautiana na nyingine kwa idadi ya nyutroni), inayopasuka kwa nyutroni za polepole (swali la 4). Mwaka uliofuata Georgy Flerov na Konstantin Petrzhak walithibitisha kwamba urani hupasuka hata yenyewe, bila kupigwa na nyutroni. Ili kuhakikisha si miale ya anga inayowadanganya, walirudia jaribio chini ya ardhi, kwenye kituo cha treni za chini mjini Moscow.

## Mafumbo ambayo bado yanatafitiwa

8. Kwa nini vipande viwili havilingani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Tone la kawaida likikatika, linapendelea kukatika nusu kwa nusu. Nadharia ya swali la 7 inatabiri hivyohivyo kwa kiini. Lakini urani-235 ikipigwa na nyutroni za polepole hufanya vingine: kipande kimoja huwa na uzito wa karibu 95 na kingine karibu 140. Mpasuko wa nusu kwa nusu hutokea, ila ni adimu mara mamia kuliko ule usiolingana. Ukichora grafu ya uzito wa vipande, unapata vilele viwili na bonde refu katikati.

Maelezo yalianza na matabaka. Protoni na nyutroni hukaa ndani ya kiini kwa matabaka ya nishati, kama elektroni zinavyokaa kwenye atomu, na kiini ambacho tabaka lake limejaa huwa imara kupita wenzake. Bati-132 ina protoni 50 na nyutroni 82, na namba zote mbili ni za tabaka lililojaa. Ikaonekana wazi: kiini kinapokatika, kipande kizito huvutwa kuelekea bati-132, na kilichobaki ndicho chepesi. Ushahidi ulikuwa mzuri. Ukibadilisha kiini kinachopasuka, kutoka thori hadi kaliforniamu, kipande kizito hubaki palepale karibu na 140 huku chepesi kikikua.

Maelezo hayo yana ufa. Vipimo vya makini vilionyesha kwamba kipande kizito kwa wastani kina protoni karibu 54, na si 50. Mwaka 2018 Guillaume Scamps na Cédric Simenel walitoa jibu linaloshawishi. Wakati wa kukatika, shingo kati ya vipande huvuta kila kimoja kiwe na umbo la peasi. Bati-132 ni ngumu, haikubali kuvutwa hivyo. Viini vyenye protoni 52 hadi 56 hukubali kwa urahisi, na vikiwa na umbo hilo hupata matabaka yaliyojaa ya aina yao. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunautafuta uimara wa kiini kilicho duara, wakati kiini kinachokatika hakina uduara wowote.

Fermiamu nayo inatoa somo lake. Fermiamu-256 hupasuka bila kulingana. Ongeza nyutroni mbili tu, ufikie fermiamu-258, na vipande vinalingana karibu sawa, maana sasa kila kipande kinaweza kukaribia bati-132. Nyutroni mbili kati ya 158 zimegeuza tabia yote.

Halafu ikaja zebaki. Mwaka 2010 kundi lililofanya kazi kwenye maabara ya ISOLDE, CERN, lilichapisha matokeo ya mpasuko wa zebaki-180. Kila mtu alitarajia vipande viwili vya zirkoniamu-90, kiini chenye tabaka la nyutroni lililojaa. Badala yake walipata vipande vyenye uzito wa karibu 80 na 100. Hiyo ilifungua eneo jipya la utafiti kwenye viini vyepesi kuliko urani, na mabishano yake yanaendelea.

9. Je, kizuizi cha mpasuko kina mlima mmoja tu?

Kwa viini vingi vya jamii ya urani, iko milima miwili na bonde katikati. Mwaka 1962 kundi la Sergei Polikanov huko Dubna lilikuta amerisiamu-242 ikipasuka yenyewe kwa nusu-maisha (muda wa nusu ya viini kutoweka) ya milisekunde 14, haraka kupita kawaida kwa kiasi kisichoelezeka. Mwaka 1967 Vilen Strutinsky aliongeza athari ya matabaka juu ya nadharia ya tone, na mlima wa pili ukajitokeza kwenye hesabu. Kiini cha Polikanov kilikuwa kimekwama kwenye bonde la kati, kikiwa kimerefuka tayari, na kilibakiwa na mlima mmoja tu wa kuvuka.

Njia hiyo ya Strutinsky ya kuunganisha tone na matabaka bado inatumika kila siku. Mwanafunzi anayetaka kuingia kwenye nadharia aanze hapo.

10. Vipande huzunguka. Mzunguko huo unatoka wapi?

Vipande vinavyotoka hujizungusha kwa kasi, hata kama kiini kilichopasuka hakikuwa kikizunguka kabisa. Swali lilikuwa: mzunguko unaanza kabla ya kukatika au baada yake? Kundi la Jonathan Wilson, likitumia kigunduzi cha ν-Ball huko Orsay, Ufaransa, lilipima miali ya gama kutoka jozi za vipande na kuchapisha mwaka 2021. Walikuta mzunguko wa kipande kimoja hauna uhusiano na wa mwenzake. Wakahitimisha kwamba mzunguko hupatikana baada ya kukatika, kila kipande kivyake. Wananadharia kadhaa hawakukubali, wakionyesha kwamba hata mzunguko ulioanza mapema unaweza kuonekana hauna uhusiano. Mimi naona hoja yao ina uzito.

11. Kompyuta haziwezi kumaliza mjadala?

Zinasaidia sana, ila kiini cha plutoni-240 kina chembe 240 zinazovutana zote kwa pamoja, na kuzifuata kwa usahihi kamili ni zaidi ya uwezo wa kompyuta yoyote. Kwa hiyo zipo njia mbili kuu. Ya kwanza huchora ramani ya nishati ya mamilioni ya maumbo ya kiini, kisha huacha kiini kitangetange juu ya ramani hiyo kwa bahati nasibu. Jørgen Randrup na Peter Möller walionyesha mwaka 2011 kwamba mtangotango huo unatoa vilele viwili vya swali la 8 vizuri ajabu. Ya pili hufuata chembe zenyewe kwa wakati, kwa kukadiria jinsi kila moja inavyohisi wenzake. Aurel Bulgac na wenzake walifanya hivyo kwa plutoni-240 mwaka 2016, wakakuta safari ya kuelekea kukatika inachukua muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa. Muda mrefu hapa bado ni sehemu ndogo mno ya bilioni ya bilioni ya sekunde.

## Maabara

12. Kitu kidogo na cha haraka hivyo kinapimwaje?

Hakuna anayeona kukatika kwenyewe. Watafiti hukamata mabaki na kurudi nyuma kwa hesabu. Vipande viwili huruka pande zinazopingana, kwa hiyo ukipima kasi za vyote viwili, sheria ya kuhifadhi momenta (uzito mara kasi) inakupa uwiano wa uzito wao. Unahitaji utando mwembamba mno wa urani, maana kipande husimama ndani ya mikromita chache za metali, na hewani hakifiki mbali kuliko sentimita mbili tatu.

Shida kubwa ilikuwa kuhesabu protoni za kipande kizito. Kikitembea kwa kasi ya kawaida ya mpasuko, bado kimebeba elektroni nyingi zinazoficha chaji yake. Maabara ya GSI, Darmstadt, iligeuza jaribio: badala ya kupiga urani iliyotulia, walirusha urani yenyewe karibu na kasi ya mwanga ikapasukia njiani. Vipande husonga mbele vikiwa vimevuliwa elektroni zote au karibu zote, na kila protoni inahesabika. Majaribio ya SOFIA yamefanywa kwa njia hiyo.

13. Afrika tuna wapi pa kufanyia utafiti huu?

Kinu cha kwanza cha utafiti barani kilikuwa TRICO cha Kinshasa, kilichoanza 1959. Afrika Kusini ina SAFARI-1 huko Pelindaba, kituo cha umeme wa nyuklia cha Koeberg karibu na Cape Town, na maabara ya iThemba LABS yenye mashine za kuongeza kasi ya chembe. Ghana na Nigeria zina vinu vidogo vya utafiti, na Misri inajenga vinu vya umeme El Dabaa. Tanzania haina kinu. Mtu wa hapa anayetaka kupima itabidi asafiri, lakini anayetaka kukokotoa hahitaji (swali la 20).

## Kwetu

14. Urani ya Mto Mkuju, kule Namtumbo, inaweza kulipuka ikiwa ardhini?

Haiwezi. Katika urani ya asili ni asilimia 0.72 tu iliyo urani-235, na ndani ya mwamba imetawanyika kati ya mchanga na madini mengine. Nyutroni zinamezwa kabla mnyororo haujaanza. Hali ni hiyohiyo Kayelekera, ng'ambo ya mpaka wa Songwe upande wa Karonga, Malawi, ambako uchimbaji ulianza 2009, ukasimama 2014 na kuanza tena 2025.

Mgodi wa urani una hatari zake halisi, nazo hazihusiani na mpasuko: vumbi, gesi ya radoni inayotokana na kunururisha kwa urani, na maji ya mabaki ya uchenjuaji. Hayo ndiyo ya kuuliza mkutano wa kijiji ukiitishwa. Msimamizi wa usalama wa mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2003.

15. Joto la chini ya Ziwa Ngozi na Mlima Rungwe linatokana na mpasuko?

Hapana. Joto la dunia linatokana na vyanzo viwili: lile lililobaki tangu dunia ilipoumbika, na mnururisho wa kawaida wa urani, thori na potasi-40. Mpasuko wa wenyewe upo, lakini mchango wake kwenye joto ni mdogo kiasi cha kutohesabika. Katika kilo moja ya urani-238 ni viini saba hivi tu vinavyopasuka kila sekunde, wakati zaidi ya milioni 12 hutoa chembe za alfa.

16. Kwa hiyo mpasuko wa asili hauna faida yoyote kwetu?

Unayo, na mara nyingi wanafunzi hushangaa wakiisikia. Kiini cha urani kikipasuka ndani ya punje ya madini ya apataiti, vipande vyake huchimba mfuo wenye urefu wa takriban mikromita 16. Ukisugua punje na kuiweka kwenye asidi, mifuo inaonekana kwa hadubini ya kawaida. Mwamba ukiwa na joto linalozidi nyuzi 110 hivi za Selsiasi, mifuo hupona na kufutika. Ukipoa, inabaki. Kwa hiyo kuhesabu mifuo ni kujua mwamba ulipoa lini, yaani ulipanda lini kutoka kina cha kilomita kadhaa.

Wanajiolojia walitumia njia hii kwenye kingo za bonde la ufa la Rukwa na la Ziwa Nyasa, na Mtanzania Evelyne Mbede ni mmoja wa waandishi wa utafiti huo uliochapishwa 1998. Mtu wa Ludewa au Matema anayeitazama Milima ya Livingstone anatazama miamba ambayo historia ya kupanda kwake imeandikwa, kwa sehemu, na mpasuko wa nyuklia.

17. Wagonjwa wanaopelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hupimwa kwa kitu cha nyuklia. Kinahusiana na haya?

Kwa kiasi kikubwa. Dawa inayotumika zaidi duniani katika vipimo vya picha za nyuklia ni teknetiamu-99m, inayotokana na molibdeni-99. Na molibdeni-99 nyingi hupatikana kwa kupasua urani-235 kwenye vinu vya utafiti, SAFARI-1 kikiwa mzalishaji mmojawapo mkubwa. Nusu-maisha ya molibdeni hiyo ni saa 66 tu, kwa hiyo haiwekwi stoo. Lazima isafirishwe mara kwa mara.

## Maswali ya pembeni

18. Kinu kikizimwa, mbona kinaendelea kutoa joto?

Kwa sababu vipande vilivyokwisha kutoka vinaendelea kunururisha (swali la 3). Mara tu baada ya kuzimwa, joto ni asilimia 6 hadi 7 ya nguvu ya awali, na hushuka taratibu. Fukushima, Japani, Machi 2011, mmenyuko mnyororo ulisimama kama ulivyopangwa tetemeko lilipopiga. Kilichoyeyusha fueli ya urani ndani ya vinu ni joto hili la baadaye, baada ya tsunami kuharibu umeme wa kupozea. Kulikadiria vizuri kunahitaji kujua vipande gani hutoka na kwa kiasi gani, ndiyo maana swali la 8 si la kujifurahisha tu.

19. Je, mmenyuko mnyororo umewahi kutokea wenyewe duniani?

Umewahi, tena Afrika. Mwaka 1972 wapimaji wa Ufaransa walikuta urani kutoka Oklo, Gabon, ina urani-235 pungufu kidogo: asilimia 0.717 badala ya 0.720. Upungufu huo mdogo uliwafikisha kwenye mabaki ya vinu vya asili vilivyofanya kazi karibu miaka bilioni mbili iliyopita. Enzi hizo urani-235 ilikuwa zaidi ya asilimia 3 ya urani yote, kwa kuwa nusu-maisha yake ni miaka milioni 704 na ya urani-238 ni bilioni 4.5. Maji ya ardhini yalipunguza kasi ya nyutroni. Yakichemka na kutoweka, mmenyuko ulizimika. Uchunguzi wa gesi ya zenoni iliyonaswa humo umeonyesha mizunguko ya nusu saa ya kuwaka na saa mbili na nusu ya kupoa. Paul Kuroda alikuwa ametabiri uwezekano huo mwaka 1956.

Hili haliwezi kutokea Mkuju leo, kwa sababu iliyoelezwa swali la 14.

20. Niko Mbeya, nina kompyuta tu. Ninaweza kufanya nini?

Mengi kuliko unavyodhani. Kwanza, usijaribu majaribio ya mpasuko nyumbani au shuleni. Hayawezekani bila kinu au mashine, na vyanzo vya mionzi vinahitaji kibali. Lakini data zilizopimwa kwa miongo kadhaa ziko wazi na bure: hazina ya EXFOR, inayotunzwa chini ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na maktaba za ENDF na JEFF. Programu kama TALYS na GEF, zinazokokotoa mpasuko, nazo hupatikana bure. Wanafunzi wa vyuo, iwe MUST hapa Mbeya au Mkwawa kule Iringa, wanaweza kuzitumia kwa mradi wa mwaka wa mwisho bila kuomba fedha za vifaa.

Pendekezo langu kwa anayeanza: pakua jedwali la mavuno ya vipande vya urani-235 kwa nyutroni za polepole. Chora uzito kwenye mhimili mlalo na mavuno kwenye mhimili wima, kwa kipimo cha logi, la sivyo bonde la katikati halitaonekana kabisa. Fanya hivyohivyo kwa plutoni-239 na kaliforniamu-252. Weka grafu zote tatu pamoja, angalia kilele kipi kimehama na kipi kimebaki, kisha rudi ulisome upya swali la 8.